Kilomita Mia za Mama Spoki

Vuta picha ya mama mmoja anatokea msituni kwa baiskeli, saa mbili asubuhi, umande bado haujakauka kwenye nyasi. Hakanyagi pedeli, ameuachia mteremko umlete. Mguu mmoja wa suruali ameukunja hadi gotini, mwingine ameuacha ulivyo, kwa sababu cheni iko upande mmoja tu na yeye hana muda wa kukunja kisichohitaji kukunjwa. Kilemba kimekaza. Midomo inacheza. Ukimwona kwa mbali utadhani anasali, au anagombana na mtu asiyeonekana. Subiri apite karibu. Utasikia ta, ta, ta, kipande cha ngozi alichokifunga kwenye spoki kikigonga uma wa gurudumu la mbele kila linapomaliza mzunguko mmoja, na yeye anahesabu. Ukimsalimia hataitika. Usikasirike. Akifika mia atafunga breki, atatoa kifungo cha shati mfuko wa kulia, atakihamishia mfuko wa kushoto, halafu ndipo atakugeukia akuulize habari za nyumbani, na watoto, na lile goti lako lililokuwa linakusumbua.

Huyo ndiye Mama Spoki. Ana miaka hamsini na mitatu, na ukitaja jina alilopewa na wazazi wake, watu wa mtaani watakuuliza unamtafuta nani.

Kabla ya spoki alikuwa mtu wa mikate. Miaka kumi na tisa alibeba mikate ya kiwanda kidogo cha mjini, kreti mbili nyuma na moja mbele, akavuka nayo bonde la mto na vilima vyake hadi kwenye maduka ya ng'ambo. Sasa mkate, kama unavyojua, hauna msamaha. Ukitikiswa sana unapondeka, na mwenye duka akiubonyeza kwa kidole akaona hauinuki, anakurudishia. Kwa hiyo Mama Spoki alijifunza njia kwa ajili ya mkate, wala si kwa ajili ya miguu yake. Alijua wapi changarawe ni ndogo kama choroko na wapi ni kubwa kama ngumi. Alijua mahali pa kuvukia mto ambapo jiwe la chini ni bapa na maji hayapiti kifundo cha mguu. Alijua kona ipi msituni ina mizizi inayojificha chini ya majani makavu. Baiskeli ikimharibikia huko katikati ya miti hapakuwa na fundi wa kumwita, basi fundi akawa yeye. Kiwanda kilipofungwa alibaki na baiskeli, bisibisi tatu, na bonde zima kichwani.

Akafungua karakana. Karakana ni neno kubwa, ni chumba kimoja anachogawana na wifi yake, dada wa marehemu mumewe, ambaye ni fundi cherehani. Upande wa kushoto nguo, upande wa kulia grisi, na katikati mstari wa chaki uliochorwa sakafuni na Wifi mwenyewe siku ya kwanza. Hao wawili wanapendana kwa namna ya mawifi, yaani kutwa wanachokozana. Wifi humwambia kwamba akikigusa kitambaa cha mteja kwa mikono ile, atamzika nacho. Mama Spoki humjibu kwamba si kitu, bora ashone sanda yenye mifuko, maana ana vifungo vya kuweka.

Vifungo vyenyewe vilitoka kwenye kopo la Wifi, na sababu yake ilikuwa Mwalimu.

Mwalimu ni mkwe. Amemwoa binti pekee wa Mama Spoki, anafundisha hesabu, na ni mtu wa heshima kiasi kwamba akifika kwa mama mkwe wake husimama mlangoni hadi aambiwe mara ya pili aingie. Yeye ndiye aliyeanzisha chama cha waendesha baiskeli. Watu wa mjini walikuwa wamechoka kuendesha kwenye lami huku malori yakiwapulizia moshi usoni, wakaanza kununua baiskeli za matairi manene, za kupita kwenye changarawe. Wakawa wanaulizana wataziendesha wapi. Chama kikaamua kuandaa mzunguko mmoja mkubwa wa kilomita mia, watu waje hata kutoka mbali.

Mwenyekiti wa chama, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alitaka mzunguko upite barabara kuu inayozunguka vilima. Ni mtu wa haki, lakini mgumu kama misumari anayoiuza. Alisema barabara kuu ina vibao vya kilomita na haina ubishi. Mama Spoki akasimama mkutanoni akachora kwa kidole hewani: mnashuka hapa, mnafuata mto, mnapita chini ya miamba, mnaingia msituni, mnapanda vilima vitatu, mnarudi kwa daraja la mbao. Aliichora njia yake ya mikate kipande kwa kipande. Mwenyekiti akamsikiliza hadi mwisho.

"Watu watatoka mbali kuja kuendesha mia," akamwambia. "Nikiwaambia mia, iwe mia. Ikipungua, tunarudi barabara kuu."

"Itakuwa mia," akajibu Mama Spoki, akakaa.

Na hapo nikuambie alichokuwa anakipigania, usije ukadhani ni sifa tu. Mwaka uliotangulia, kipande cha chini ya miamba kilikuwa kimefungwa na miiba hadi akaingia na panga. Tangu mikate iishe hapakuwa na magurudumu ya kupita kule. Ingepita miaka miwili mitatu mingine, pasingekuwa na njia ya kumwonyesha mtu, na yeye angebaki mama anayesimulia barabara ambazo hazipo.

Akapima. Siku tatu mfululizo, ta, ta, ta. Kifungo kidogo kwa kila mizunguko mia, kifungo kikubwa cha koti kwa kila elfu. Gurudumu lake lilikuwa na mzingo wa mita mbili na sentimita ishirini kamili, hilo alilipima karakanani kwa utepe wa kupimia. Alipofika vifungo vikubwa arobaini na vitano, vidogo vinne, na mizunguko hamsini na mitano juu yake, alisimama, akaweka jiwe. Mia. Mahali penyewe palikuwa mbele ya ofisi ya chama, kwa kuwa alikuwa amechagua kona za msituni makusudi ili hesabu iangukie pale.

Wanachama wawili walimfuata wakipima njia kwa simu zao. Lakini kule chini ya miamba na kwenye miti mizito simu hupoteza mwelekeo, na mwisho wa safari moja ilisema tisini na saba, ya pili tisini na tisa. Mama Spoki aliwacheka mbele ya mkutano mzima. Akasema simu mbili zimeshindwa kupatana kama ndugu wa mama mmoja, lakini gurudumu lake liko peke yake na halina wa kubishana naye. Watu wakacheka, Mwenyekiti akatikisa kichwa, njia ikapitishwa. Mawe yakapakwa rangi nyeupe na namba nyeusi kila kilomita kumi. Wifi akashona tepe sitini za mkononi, kila moja ina 100 kwa uzi mwekundu, za kuwapa watakaomaliza.

Hayo yote yalikuwa yamekwisha na kukamilika, hadi Ijumaa mchana, siku mbili kabla ya watu kufika.

Wifi alikuwa anatundika kitambaa cha kukaribisha wageni mlangoni. Ngazi hawana. Akasema atapanda juu ya siti ya baiskeli, Mama Spoki amshikie. Wifi ni mtu mwenye mwili, naye mwenyewe hasemi vinginevyo. Alipopanda, tairi likabonyea chini yake. Mama Spoki, aliyekuwa ameshika usukani na jicho liko chini, akaliangalia lile tairi.

"Wifi, usishuke," alisema.

"Kwani nimeanguka?"

"Kaa hivyohivyo."

Akainama. Akalibonyeza tairi kwa kidole gumba pale lilipogusa ardhi.

Umeliona kosa lake? Mpimaji wa ardhi asingelifanya, wala mtu asiyejua lolote asingelifanya. Ni kosa la fundi msafi. Siku ile alipopima mzingo, alilifungua gurudumu, akalifuta vumbi, akalijaza upepo hadi likalia kama ngoma, ndipo akauzungusha utepe. Lakini kwenye changarawe hakuna anayeendesha na tairi gumu. Yeye mwenyewe huwaambia wateja kila siku: toa upepo, tairi lilale, lishike mawe. Akautoa upepo. Akaketi juu yake na kilo zake zote, na maji, na panga, na kopo la rangi. Alipima gurudumu likiwa limevaa nguo za harusi, akalipeleka njiani likiwa limevaa za shamba.

Akamshusha Wifi. Akatoa upepo kama wa msituni, akafunga mizigo ileile, akachora alama ya chaki kwenye tairi na nyingine barabarani, akapanda. Wifi akamsukuma polepole, mizunguko kumi, watu wakipisha na kuuliza kama baiskeli imekufa. Wakapima kwa utepe. Mizunguko kumi, mita ishirini na moja na sentimita hamsini na sita. Wakarudia. Ikawa vilevile.

Mwalimu aliitwa. Alikuja moja kwa moja kutoka shule, chaki bado iko kwenye mkono wa shati, akaamkia, akasimama mlangoni. Mama Spoki akamtajia namba ya kwanza na ya pili, akamwomba apige hesabu kuwa njia ina kilomita ngapi.

"Tisini na nane," Mwalimu akasema.

Hakuwa ametoa hata kalamu. Mama mkwe akamtazama. Mwalimu akatazama viatu vyake, na hapo mambo yakawa wazi. Alikuwa anajua. Wiki tatu nzima alikuwa anajua. Alizichukua zile simu mbili, akatafuta katikati yake, halafu akaenda peke yake na utepe wa shule akapima kipande kimoja kilichonyooka kando ya mto. Mita mia mbili pungufu kwa kila kilomita kumi.

"Ningeanzaje, mama?" alisema. "Wewe ni mama mkwe wangu."

"Mwanangu, heshima yako naipokea nikija kwako nikaketi sebuleni. Kwenye gurudumu usiilete. Hapa mimi ni fundi, na fundi huambiwa."

Mwalimu akasema amesikia. Wifi, ambaye hakuwa amealikwa kwenye kesi, akaingia na wazo lake. Kilomita mbili katika mia ni nini? Mawe yapo, tepe zimeshonwa, njia imepitishwa. Nani atashuka kwenye baiskeli akapime na utepe? Wakinyamaza watu watatu, imekwisha. Na Mwenyekiti akisikia, wataendesha kwenye moshi wa malori, na hiyo njia ya msituni itaota nyasi hadi siku ya kiama.

Alisema kweli, na Mama Spoki alijua kwamba anasema kweli. Wakati huo akaingia mteja na pancha. Akaitoa tyubu, akaitumbukiza kwenye beseni, akatafuta viputo, akasugua, akapaka gundi, akasubiri ikauke, akabandika kiraka. Alipomaliza kujaza upepo alikuwa pia amemaliza kufikiri. Akanawa mikono kwa sabuni hadi kwenye viwiko, jambo analolifanya kwa nadra, akaenda dukani kwa Mwenyekiti.

Alimkuta anapimia mteja misumari. Akamngoja amalize, kisha akamweleza lote alivyokosea, bila kuzunguka, wala hakumtaja Mwalimu.

"Nilisema," Mwenyekiti akajibu.

"Ulisema ikipungua turudi barabara kuu. Ulisema pia unataka namba isiyo na ubishi. Siku ile ya mkutano sikuwa nayo, nilidhani ninayo. Leo ninayo. Ni tisini na nane."

"Na tepe zinasema mia."

"Zitasema kweli. Kabla ya daraja la mbao kuna njia ya zamani ya wapasua mbao, inakata kushoto, inapanda. Kilomita moja juu hadi kwenye mwamba, kilomita moja kurudi. Anayetaka mia, aifuate hapo."

Mwenyekiti aliijua ile njia. Alimwuliza kama anajua jinsi ilivyo kali, na watu wakiwa wamekwisha miguu. Mama Spoki akajibu kwamba aliwahi kuipanda na kreti tatu. Mwenyekiti akauliza nani atasimama pale juu kuandika waliofika.

"Hakuna. Kutakuwa na jiwe."

"Jiwe halihesabu watu."

"Na mimi sihesabu watu. Nahesabu mizunguko."

Mzee yule aliijaza tena mizani misumari ambayo hakuna mteja aliyeiomba, akaitazama sindano mpaka ikatulia. Halafu akasema: mawe yote yawe sahihi ifikapo Jumapili. Yeye mwenyewe ataendesha. Akikuta jiwe moja tu linadanganya, mwakani ni lami.

Jumamosi alfajiri mama mkwe na mkwe wakaondoka na kopo la rangi. Mwalimu alitaka wayasogeze mawe mbele ili kumi iwe kumi na ishirini iwe ishirini. Mama Spoki akakataa. Jiwe la kwanza liko penye kivuli, la pili penye maji, la tatu pale mtu anapohitaji kisingizio cha kusimama. Mawe ni mazito, akasema, namba ni nyepesi, tuhamishe namba. Basi wakapaka upya: 9.8, 19.6, 29.4. Mwalimu alifurahi kama aliyepewa darasa lisilopiga kelele. Walifuata mto ukiwa bado na ukungu, magurudumu yakisaga changarawe kwa ile sauti ya mtu anayetafuna karanga. Wakapita chini ya miamba. Wakaingia msituni ambako jua linashuka vipandevipande na majani yanafunika kila kitu isipokuwa ile mistari miwili ya njia. Kwenye kilima cha pili Mwalimu alishuka akasukuma, na mama mkwe wake akampita ameketi, gia nyepesi, miguu inazunguka taratibu kama mwanamke anayesaga bila haraka. Akamngoja juu. Alipofika akampa maji, akamwambia asimwamkie tena kwa leo, pumzi zenyewe chache.

Kwenye njia panda ya daraja walipima kwa gurudumu lenye upepo mdogo na mzigo wote. Mizunguko mia nne sitini na nne, hadi kwenye mwamba. Kule juu udongo ni mwekundu, ule unaoganda kwenye tairi na kukataa kutoka. Huku chini walipaka jiwe kubwa kuliko mengine yote, mshale wa kushoto, na maneno: Mbili zilizobaki.

Jumapili watu hamsini na saba walisimama mbele ya ofisi ya chama. Mama Spoki hakupewa kipaza sauti na hakukihitaji. Aliwaambia kwamba njia ni ya kilomita tisini na nane, kwamba alikuwa amewatangazia mia kwa kosa lake mwenyewe, akawaeleza kosa lenyewe hadi wale wenye matairi magumu wakainama kuyaminya. Kisha akawaambia kuhusu jiwe na mshale. Kila atakayerudi atapewa tepe, alisema, na hakuna atakayeulizwa kitu. Mtu mmoja akatania kuwa huo ni mtihani bila msimamizi. Wakaondoka.

Walianza kurudi adhuhuri. Wifi aliketi mezani na tepe zake, akimfunga kila mtu mkononi na kumwambia amependeza hata kama hakupendeza. Mama Spoki alikuwa upande wa baiskeli, anazipokea na kuziegemeza ukutani. Watu wakimpa mkono alitabasamu, lakini macho yake, kwa mazoea ya kazi, yalikwenda kwenye matairi. Mengine yalikuja meupe kwa vumbi la changarawe. Mengine yalikuja mekundu hadi kwenye ringi.

Mwenyekiti alifika karibu na wa mwisho, ameinama juu ya usukani. Alishuka kwa hatua tatu, moja ya kushuka na mbili za kutafuta ardhi. Matairi yake sitakuambia.

"Kwenye sabini na nane nukta nne," alisema alipopata pumzi, "hiyo nne ya mwisho inafanana na tisa. Itengeneze."

"Nitaitengeneza."

"Kabla ya mwakani," akasema, akaenda kufungwa tepe.

Mama Spoki akaegemeza baiskeli ya Mwenyekiti pamoja na nyingine. Njia imebaki. Hakupiga vigelegele wala hakukaa chini. Alichukua kitambaa cha kufutia akaenda kuirekebisha breki ya mtu iliyokuwa inalia.

Baadaye watu walipopungua, Wifi alimwuliza kwa sauti ya chini ni wangapi waliokata kushoto, maana yeye, Mama Spoki, ameyaona matairi yote, na huo uzi mwekundu ameushona Wifi kwa mkono wake, ana haki ya kujua umekwenda kwa nani. Mama Spoki akamwambia ameyaona yote. Zaidi ya hapo hakusema, hadi leo hajasema, na Wifi amemnunia kwa hilo mara nne kwa hesabu yangu.

Sasa nikuulize wewe uliyekaa nami muda wote huu. Umetoka msituni, miguu imekuwa kamba, mbele yako unaliona daraja na ng'ambo yake unasikia watu wanacheka, na tepe yako ya mia inakusubiri hata iweje. Kushoto kuna kilima na mshale, hakuna mtu. Siku hiyo, ukiegemeza baiskeli yako kwenye ule ukuta, tairi lako lingekuwa la rangi gani?